Walizungumza kwa Lugha Gani? Vibao vya Kumbukumbu Kandokando ya Barabara za Kampala

Utangulizi

Kila mwaka wa masomo unapoanza huwa tunawauliza wanafunzi wapya swali moja: Kiswahili kilifika lini Uganda? Majibu hayatofautiani sana. Wapo wanaosema kililetwa na askari wa Keya, yaani jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Wengi husema kililetwa na Idi Amin. Wachache hutaja majeshi ya Tanzania yaliyoingia Kampala mwaka 1979. Majibu haya yote yana jambo moja linaloyaunganisha: Kiswahili kinafikiriwa kuwa lugha iliyoingia nchini ikiwa imeshika bunduki.

Hatuwalaumu wanafunzi. Wazazi wao wengi waliisikia lugha hii kwenye vizuizi vya barabarani, ikitumiwa kutoa amri, na kumbukumbu hiyo haifutiki kwa somo moja la saa mbili. Hata hivyo, historia ya Kiswahili katika nchi hii ni ndefu kuliko historia ya jeshi lolote la kikoloni. Mashahidi wake wamesimama kandokando ya barabara tunazozipita kila siku: makaburi ya wafalme, misalaba, minara na vibao vya kumbukumbu. Tatizo ni kwamba mashahidi hawa hawajaulizwa.

Katika makala haya tunamwalika msomaji atembee nasi katika barabara tatu zinazotoka Kampala, yaani ya Hoima, ya Masaka na ya Jinja. Katika kila kituo tutauliza swali ambalo vibao havilijibu: watu wanaotajwa hapa walizungumza kwa lugha gani?

Barabara ya Hoima: Wamala na Kasubi

Katika maeneo ya Nansana, nje kidogo ya mji, kuna kilima cha Wamala. Hapo ndipo alipozikwa Kabaka Suuna wa Pili, aliyefariki mwaka 1856. Ni katika enzi yake, mwaka 1844, ambapo mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim aliwasili Buganda akitokea pwani kupitia Unyamwezi na Karagwe. Huyu ndiye anayetajwa na wanahistoria kuwa wa kwanza katika wageni wa pwani kufika mbele ya Kabaka.

Habari zake zinajulikana kwa sababu aliishi miaka mingi na akamsimulia Emin Pasha mambo aliyoyaona. Kisa kinachokumbukwa zaidi ni kile cha siku alipoona watu wakipelekwa kuuawa kwa amri ya Suuna. Inasemekana alisimama barazani akamwambia Kabaka kwamba watu hao, pamoja na yeye mwenyewe, wameumbwa na Mungu, na kwamba ni kosa kuwaangamiza. Watu wa baraza walishangaa kwamba mgeni amethubutu kusema hivyo na bado yu hai. Suuna naye alitaka kusikia zaidi juu ya huyo Mungu.

Wafanyabiashara wengine walifuata. Richard Burton, ambaye hakuwahi kukanyaga Buganda, aliandika habari za kasri la Suuna kwa kusimuliwa na Snay bin Amir huko Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo. Kwa maneno mengine, kabla Mzungu hajaiona Buganda, Buganda ilikuwa tayari inasimuliwa katika vituo vya misafara, na lugha ya misafara ilikuwa Kiswahili.

Kasubi iko karibu zaidi na mji. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kubwa ya kilimani hapo, ilijengwa mwaka 1882 kama kasri la Kabaka Mutesa wa Kwanza, na alipofariki mwaka 1884 ikawa kaburi lake. UNESCO iliiingiza Kasubi katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba hiyo iliteketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na baada ya ujenzi wa muda mrefu Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023.

Mutesa alijifunza Kiswahili na hati za Kiarabu. Kuanzia mwaka 1867 alifunga mwezi wa Ramadhani kwa takribani miaka kumi. Mavazi ya heshima ya mwanamume wa Kiganda hadi leo ni kanzu, vazi lililokuja na watu wa pwani pamoja na jina lake. Yapo pia maneno ambayo Mganda huyatumia bila kudhani kwamba yamesafiri: ekitabo, essaawa, essabbuuni, eddiini, ebbaluwa, omuzigiti. Hata neno okusoma, ambalo ndilo lililozaa jina abasomi walilopewa Wakristo wa kwanza, linahesabiwa na wanaisimu kuwa mkopo kutoka Kiswahili.

Lakini Kasubi haimpi raha mtetezi wa Kiswahili, nasi hatupaswi kulificha hilo. Katika nyumba hiyo hiyo amezikwa mjukuu wa Mutesa, Kabaka Daudi Chwa wa Pili. Gavana William Gowers alipotaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika shule na utawala mwishoni mwa miaka ya 1920, Daudi Chwa alipinga kwa maandishi, akihofia kwamba Luganda na heshima ya Buganda vingemezwa. Maaskofu wa makanisa walipinga pia. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi: Kiswahili cha mwaka 1927 hakikuja tena na mfanyabiashara anayeomba ruhusa barazani, kilikuja na gavana. Babu aliikaribisha lugha kama mgeni. Mjukuu aliikataa kama mtawala. Wote wawili wamelala chini ya paa moja, na mwalimu anayewafikisha wanafunzi Kasubi ana somo zima la sera ya lugha mbele yake.

Barabara ya Masaka: Busega na Katereke

Misafara iliyotoka Bagamoyo na Tabora ilipitia Karagwe na kuingia Buganda kutoka kusini magharibi. Ndiyo kusema barabara ya Masaka ya leo imechukua mwelekeo wa mlango wa zamani wa Kiswahili. Kibao kinachopigwa picha kuliko vyote katika barabara hii pengine ni kile cha Ikweta pale Kayabwe, ambacho hakimkumbuki mtu yeyote. Vingine viwili viko karibu zaidi na Kampala, na wasafiri wengi huvipita bila kusimama.

Cha kwanza kiko Busega. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu, Marko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa hapo kwa sababu ya imani yao. Walikuwa wanafunzi wa misheni ya Kianglikana iliyokuwa Nateete, ambako Alexander Mackay alifundisha na kuendesha mashine ya kupiga chapa. Je, walisoma nini? Vitabu vya mwanzo vilivyotumika katika misheni hiyo vilikuwa vya Kiswahili, hasa tafsiri za Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Injili kamili ya kwanza kwa Luganda ilichapwa baada ya mauaji ya Busega, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1896. Hata kabla ya Mackay, mwaka 1875, Stanley alimwacha kwa Mutesa kijana mmoja aliyeitwa Dallington Maftaa, mwanafunzi wa misheni ya Zanzibar, amsomee Kabaka Maandiko. Dallington ndiye aliyekuwa mwalimu wa Ukristo katika lubiri miaka miwili kabla wamisionari hawajafika. Hatujui kibao chochote chenye jina lake.

Cha pili ni handaki la gereza la Katereke, karibu na Nsangi. Hapa historia inageuka kuwa chungu. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, na baada ya Kiweewa aliyetawala kwa majuma machache, Waislamu wa Buganda wakiungwa mkono na wafanyabiashara wa pwani walimweka Kalema kwenye kiti. Kalema aliwafungia ndugu zake wa ukoo wa kifalme Katereke na kuwaua, akihofia kwamba mmoja wao angetumiwa kumpindua.

Tunaitaja Katereke kwa makusudi. Watu wa pwani hawakuleta vitabu, kanzu na sabuni peke yake. Walileta bunduki, walinunua pembe za ndovu, na walinunua watu. Wakuu wa Buganda waliwauzia mateka waliotekwa vitani katika nchi jirani. Mwalimu atakayeisimulia njia ya misafara kama njia ya biashara njema na urafiki atakuwa anabandika kibao kingine cha uongo. Kibao cha kumbukumbu si cheti cha tabia njema. Kazi yake ni kusema nini kilitokea na nani walikuwapo.

Barabara ya Jinja: Banda, Namugongo, Nile na Kyando

Kilima cha Banda kiko mashariki ya jiji, jirani na Kyambogo. Mutesa alikuwa na makao yake makuu hapo Februari 1862, John Hanning Speke alipofika mbele yake. Mazungumzo hayo huelezwa katika vitabu vya shule kana kwamba watu wawili walikaa wakaongea. Ukweli ni kwamba yalihitaji daraja lenye nguzo mbili. Speke alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay. Bombay alikuwa mtu wa asili ya Wayao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India miaka mingi, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru. Yeye aliyageuza maneno kuwa Kiswahili. Kutoka hapo mkalimani mwingine, Nasib, aliyapeleka kwa Luganda. Jibu la Kabaka lilirudi kwa njia ile ile. Kiswahili ndicho kilichosimama katikati.

Kutoka Banda mtu akiendelea hadi Kireka na kukata kushoto hufika Namugongo. Kila tarehe 3 Juni mamia ya maelfu ya mahujaji huja kuwakumbuka mashahidi waliouawa mwaka 1886. Mashahidi ishirini na wawili wa Kikatoliki walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, na kanisa kubwa lenye umbo la nyumba ya Kiganda limesimama mahali alipochomwa Karoli Lwanga. Mashahidi wa Kianglikana wana mahali pao pia. Wanaojulikana kidogo zaidi ni vijana wa Kiislamu waliouawa kwa amri ya Mutesa takribani miaka kumi kabla yao, katikati ya miaka ya 1870. Walikuwa wamekataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu, hata kama ni Kabaka. Kwa kawaida husemwa kwamba walikuwa sabini hivi. Nao walijifunza dini yao kutoka kwa watu wa pwani. Namugongo basi ni mahali pa makundi matatu ya wasomi, na Kiswahili kilihusika katika masomo ya kila kundi, kwa kiasi tofauti.

Jinja, ng'ambo ya mto, kuna mnara wa Speke. Unamkumbuka kama mtu aliyegundua chanzo cha Nile tarehe 28 Julai 1862. Wasoga na Waganda walioishi hapo walikuwa na majina yao kwa mto na kwa maporomoko kabla Speke hajayaita Ripon, jina la bwana mmoja wa London. Hilo limeshasemwa na wengi. Linalosemwa mara chache ni kwamba Speke hakufika hapo peke yake. Alifikishwa na watu wa msafara, Waungwana kama walivyojiita. Baadhi yao, kumi na wanane, walifuatana naye hadi Cairo kabla ya kurudishwa kwao Zanzibar kwa meli. Shirika la kijiografia la London lilimpa Bombay medali ya fedha mwaka 1876. Yapo mengi ya kuandikwa pale Jinja, na nafasi haikosekani: sanamu ya Mahatma Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa katika mto huo mwaka 1948, ilipata mahali pake bila kuung'oa mnara wa Speke.

Mbele zaidi, katika wilaya ya Mayuge, kuna Kyando. Ndipo Askofu James Hannington alipouawa Oktoba 1885 alipojaribu kuingia Buganda kutoka mashariki. Pamoja naye waliuawa wapagazi karibu hamsini kutoka pwani. Waliosalimika walikuwa wachache mno. Shemasi William Jones wa Rabai, Mwafrika aliyekombolewa utumwani, alikuwa ameachwa nyuma na sehemu ya msafara, na ndiye aliyewaongoza waliobaki kurudi Rabai. Askofu ana siku yake katika kalenda ya kanisa. Wapagazi wanatajwa kwa idadi tu, kama mizigo waliyoibeba.

Kwa nini vibao viko kimya?

Sababu ya kwanza ni wenye vibao. Minara ya kale zaidi iliwekwa wakati wa ukoloni, ikawakumbuka wasafiri wa Ulaya. Baadaye makanisa yaliwakumbuka mashahidi wao, na ufalme ukatunza makaburi yake. Kila mwenye nyumba alipamba ukuta wake. Mpagazi na mkalimani hawakuwa na kanisa, ufalme wala serikali ya kuwadai.

Sababu ya pili ni lugha ya vibao vyenyewe. Vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtalii. Mwanakijiji anayelima karibu na mnara huenda asiweze kusoma kilichoandikwa juu ya ardhi ya babu yake. Mgeni kutoka Kisumu, Bukoba au Bukavu, ambaye angekisoma Kiswahili bila shida, naye hafikiriwi.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi walimu. Tumefundisha ngeli, methali na ushairi wa Pwani kwa bidii, lakini somo la historia ya Kiswahili tumeliacha lianzie Lamu na kuishia Dar es Salaam. Mwanafunzi wa Kampala anahitimu akijua Kiswahili cha watu wengine walikoishi, hajui kilivyoishi kwake. Penye miti hakuna wajenzi.

Wenzetu wa Tanzania wamepiga hatua. Mwaka 2006 waliiweka njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha yao ya awali ya UNESCO, wakiihesabu kuwa ni kumbukumbu moja yenye vituo vingi. Tawi la kaskazini, lililopanda kupitia Karagwe hadi katika malango ya Kabaka, linangoja watu wa kulidai. Sehemu yake ya mwisho iko Uganda.

Tufanye nini?

Wakati ni mzuri kuliko ulivyowahi kuwa. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria ya makumbusho na kumbukumbu za kale ya mwaka 1967 imepata mrithi wake mwaka 2023. Aidha, Februari 2025 Mahakama Kuu iliagiza Mamlaka ya Jiji la Kampala iondoe majina ya watawala wa kikoloni katika barabara na kumbukumbu za jiji. Kila mtu ana maoni yake juu ya majina ya kuondolewa. Sisi tunasisitiza kwamba kibao kinapong'olewa shimo hubaki, na ni lazima mtu aseme litajazwa na nini.

Hatuhitaji fedha nyingi ili kuanza. Tunapendekeza mambo matatu kwa walimu na wanafunzi wanaotusoma.

Kwanza, kila darasa lichague kibao kimoja kilicho karibu na shule. Wanafunzi wakinakili maneno yake, wayatafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali hapo, kisha waulize: nani hakutajwa? Ni zoezi la tafsiri na la historia kwa wakati mmoja.

Pili, wanafunzi wawahoji wazee wanaoishi karibu na vituo hivi. Mzee akiulizwa kwa adabu, na kwa lugha anayoipenda, atatoa majina ya mahali na ya watu ambayo hayapo katika kitabu chochote.

Tatu, tuandike vibao tunavyotamani kuviona, hata kama kwa sasa vitabaki katika madaftari. Tunaanza na hiki:

BANDA. Hapa palikuwa na lubiri ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Februari 1862 Mutesa alizungumza hapa na John Hanning Speke. Maneno yao yalivushwa na wakalimani wawili, Sidi Mubarak Bombay na Nasib. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Maneno hayo hayazidi thelathini na tano. Hayamfukuzi Speke wala kumtukuza, na hayapunguzi heshima ya Luganda. Yanawarudisha tu barazani watu wawili waliotoka bila kuagwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili kilikuwapo Wamala, Kasubi, Busega na Banda muda mrefu kabla ya askari wa kwanza wa Keya. Tumeona pia kwamba kilikuwapo Katereke, na kwamba kilikataliwa na Kabaka mwenye sababu zake. Hiyo ndiyo historia ya lugha inayoishi na watu: inapendwa, inaogopwa, inatumika vibaya, inatumika vizuri. Mwanafunzi akiijua yote hatakuwa na haja ya kuambiwa kwamba Kiswahili ni cha kigeni au si cha kigeni. Ataweza kuamua mwenyewe.

Wasomaji watakaofanya zoezi la vibao wanaombwa kutuletea kazi zao idarani, zikiwa na jina la mahali na maneno ya kibao kama yalivyo. Zile zilizofanywa kwa uangalifu tutazichapa katika matoleo yajayo, na Kyando tunaihitaji mapema. Kama kuna mtu wa Mayuge au wa Rabai anayejua jina la hata mpagazi mmoja, tungependa kuanza na huyo.